Kuipamba pikapu katika pwani ya Mtwara: uliza kwanza kifaa kinashikwa na nini

"Fundi, habari za kazi. Naishi Mtwara mjini, si mbali na bahari, na mwaka huu nimenunua Toyota Hilux ya kabini mbili iliyokwisha kutumika. Bodi bado ni nzima na rangi yake nyeupe inanifurahisha. Naitumia kwenda kazini, kupeleka familia Msimbati mara mojamoja, na kwenda shambani Tandahimba, ambako msimu wa dawa nabeba salfa na msimu wa mavuno nabeba korosho. Nimetenga shilingi milioni mbili ili niipendezeshe: ngao ya mbele, rolibaa (bomba la upinde) ya nyuma ya kabini, vikanyagio vya pembeni, mapambo ya kromu kwenye vitasa na milangoni, na taa ndefu ya LED juu ya kabini. Fundi wa mtaani kwetu anasema vyote ni stenlesi na havishiki kutu. Ngao ataichomelea kwenye chasi, vingine atatoboa na kuziba kwa silikoni. Jirani yangu aliweka vitu hivyohivyo, na sasa gari lake linaota kutu kila palipofungwa kifaa. Je, vifaa ndivyo vinavyoleta kutu, au ni fundi? Na nianze na kipi?"

Ndugu yangu, hongera kwa gari, na hongera zaidi kwa kuuliza kabla drili haijawashwa. Nikilielewa vizuri swali lako, huna shaka kwamba gari litapendeza. Unachoogopa ni kununua urembo ambao baada ya misimu miwili ya mvua ndio utakaokuwa unalila gari lenyewe. Hofu hiyo ina msingi. Vifaa vingi ulivyovitaja havina kosa vikiwa dukani, na fundi wako huenda anaifahamu kazi yake, lakini kutu ya jirani yako haikuanzia kwenye vifaa vinavyong'aa. Ilianzia pale vinapogusana na gari: kwenye tundu, kwenye mshono wa kuchomelea, na kwenye upenyo mwembamba usiokauka. Kwa hiyo, kwa kila kifaa unachokitamani, uliza kwanza kinashikwa na nini kwenye gari, ndipo uulize kinang'aa namna gani.

Chuma hushika kutu kinapokutana na maji na oksijeni kwa pamoja, na chumvi huharakisha kazi hiyo kwa sababu maji yenye chumvi hupitisha kwa urahisi ule umeme mdogo unaotembea wakati chuma kinapoliwa. Wengi hudhani kwamba gari lisiloingia ufukoni na lisilonyeshewa liko salama, jambo ambalo huku kwetu si kweli. Upepo wa kusi, unaovuma kutoka baharini miezi ya katikati ya mwaka, hubeba chembe za chumvi hadi mitaa ya ndani, nazo hutua juu ya gari na chini yake. Unyevu wa hewa unapozidi takriban asilimia 75, chumvi huanza kuvuta maji kutoka hewani, na usiku wa pwani hufika kiwango hicho bila shida. Ndiyo maana chumvi ya jikoni hugandamana ndani ya kopo ingawa hakuna aliyeimwagia maji. Bodi iliyo wazi hupigwa na jua la asubuhi ikakauka, lakini upenyo ulio nyuma ya kipande cha kromu au chini ya mguu wa rolibaa haupati jua wala upepo. Huko chumvi hubaki mbichi mchana kutwa, na kutu huendelea na kazi yake hata katika kiangazi.

Kuhusu kutoboa, ni vyema ujue kinachoharibika. Kiwandani bati la bodi halipakwi rangi tu. Hutumbukizwa kwanza kwenye praima, yaani rangi ya chini ya kinga, inayovutwa kwa umeme ili ifike hata ndani ya mikunjo, kisha hufuata praima ya pili, rangi yenyewe na tabaka la uwazi la juu. Vyote hivyo kwa pamoja vina unene wa kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Drili huvuka kinga hiyo mara moja, na ukingo wa tundu hubaki chuma kitupu. Halafu kuna jambo ambalo mafundi wengi hulipuuza, nalo ni zile nyuzi ndogo na unga wa chuma vinavyotolewa na drili. Vikilala juu ya rangi usiku mmoja wenye umande, asubuhi utaona vidoadoa vya rangi ya chungwa juu ya bodi nyeupe, na utadhani rangi ya gari imeanza kuoza, kumbe ni takataka za drili zilizoshika kutu juu yake. Zile zinazoangukia ndani ya mlango huanzisha kutu mahali usipopaona.

Ikiwa tundu haliepukiki, kazi sahihi inajulikana na si ngumu. Fundi hubandika tepu ya karatasi kuzunguka mahali pa kutoboa, hutoboa, hulainisha ukingo kwa tupa ndogo, huondoa unga wote kwa brashi na kitambaa, hupaka praima yenye zinki mara mbili hadi ndani ya ukingo, huacha ikauke kabisa, hupaka rangi, na mwisho hufunga boliti ikiwa na washa ya mpira. Kazi hiyo huchukua siku nzima kwa sababu boliti ikikazwa wakati rangi bado ni laini huibandua yote. Fundi akikuahidi kumaliza vifaa vitano kabla ya adhuhuri, jua ni hatua zipi atakazoziruka.

Na hiyo silikoni anayoitaja, tafadhali inuse kwanza. Silikoni nyingi zinazouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi kwa ajili ya vioo na mabafu hutoa harufu kali ya siki zinapokauka, na harufu hiyo ni asidi halisi, ileile iliyomo katika siki. Ukiipaka juu ya ukingo wa chuma kitupu, umekitia chuma asidi kisha ukakifunikia. Dai silikoni isiyo na harufu hiyo, au gundi ya poliyurethani inayotumiwa na mafundi wa bodi kuzibia maungio. Hata iliyo bora haichukui nafasi ya praima, kwa maana kazi yake ni kuzuia maji yasiingie, na ikiachia upande mmoja huyazuia yasitoke.

Sasa tuje kwenye stenlesi, ambako fundi wako ana nusu ya ukweli. Stenlesi hujilinda kwa utando mwembamba sana wa oksidi ya kromiamu, na chumvi ni miongoni mwa vitu vichache vinavyoweza kuutoboa utando huo. Ile ya daraja la 304, ambayo ni ya kawaida, ikiwa karibu na bahari hupata madoa ya rangi ya chai, nayo hutoka kwa kusuguliwa. Daraja la 316, lililoongezwa metali ya molibdenamu, huvumilia zaidi lakini bei yake ni kubwa. Na daraja la 201, ambalo ni rahisi, hushindwa mapema. Mabomba mengi yanayouzwa kama stenlesi ni chuma cha kawaida kilichopakwa kromu. Nenda dukani na sumaku ndogo: ikinata kwa nguvu kwenye bomba, hiyo si stenlesi unayoitaka. Isiponata, bado hujajua kama ni 304 au 201, kwa hiyo uliza daraja na uandikiwe kwenye risiti.

Hata stenlesi iliyo halisi ina tabia yake. Metali mbili tofauti zikigusana huku zimelowa maji ya chumvi, moja huliwa ili nyingine isalimike, na baina ya stenlesi na chuma cha kawaida anayeliwa ni chuma cha kawaida. Ukubwa wa kila upande una uzito mkubwa katika jambo hili. Bomba kubwa la stenlesi likishikwa kwa boliti ndogo za chuma cha kawaida, boliti huliwa upesi mno, na hapo ndipo unapokuta rolibaa inang'aa kama mpya ilhali miguu yake imelegea. Boliti ndogo ya stenlesi kwenye chasi kubwa haina madhara hayo makubwa, ingawa grisi kwenye nyuzi zake haiepukiki. Penye mguso wa metali mbili, weka kipande cha mpira au washa ya nailoni. Fundi atakuambia kwamba ni urembo usio na maana. Mwambie unaulipia wewe.

Suala la kuichomelea ngao kwenye chasi nalikataa moja kwa moja. Chasi ya Hilux ni sanduku lenye uwazi ndani, na moto wa kuchomelea huunguza kinga iliyo upande wa ndani, ambako hakuna brashi itakayofika kupaka upya. Joto hilo hubadilisha pia ugumu wa chuma kandokando ya mshono, na ufa wa chasi mara nyingi huanzia hapo baada ya miezi ya mitikisiko ya barabara ya vumbi. Umeme wa mashine ya kuchomelea unaweza kuunguza kompyuta ya injini iwapo betri haikutolewa. Zaidi ya hayo, kilichochomelewa hakifunguliki: siku ukigongwa mbele au ukitaka kubadilisha rejeta, utakata chasi ya gari lako mwenyewe. Ngao yoyote inayofaa hufungwa kwa boliti kwenye matundu ambayo kiwanda kilikwisha kuyaacha.

Tukiwa bado kwenye ngao, nina jambo ambalo hukuliuliza. Kama gari lako lina mifuko ya hewa, sehemu ya mbele imepimwa ili ijikunje kwa kiasi fulani kabla mifuko haijafumuka. Ngao ngumu hubadilisha namna kishindo kinavyofika kwenye vihisio, yaani vifaa vinavyoiamuru mifuko ifumuke, na mifuko inaweza kuchelewa au kufumuka kwa kugonga kidogo tu. Kwa mtembea kwa miguu bomba gumu ni baya zaidi. Nchi za Umoja wa Ulaya ziliziwekea ngao za namna hiyo masharti makali tangu mwaka 2005 kwa sababu hiyo. Ngao nzito ya chuma inaweza kufikia kilo 50 au zaidi, nazo hukaa mbele kabisa zikikandamiza springi za mbele, na hutolewa kwenye uzito ambao gari linaruhusiwa kubeba. Wanaosafiri usiku katika maeneo yenye ng'ombe au wanyama pori, kama kule Liwale, wana hoja ya kuihitaji. Kwa safari zako za mjini na Tandahimba, sioni hoja hiyo. Kama roho yako bado inaitaka, chagua iliyotengenezwa kwa modeli na mwaka wa gari lako, ambayo mtengenezaji ametamka kwamba inakubaliana na mifuko ya hewa.

Rolibaa za madukani ni pambo, na si vibaya kuwa pambo mradi mwenye gari ajue hivyo. Zimefungwa kwenye bati jembamba la bodi la mizigo, kwa hiyo gari likipinduka hazitamwokoa mtu, na vijana wanaosimama nyuma wakiishikilia njiani kutoka shambani wameshikilia kitu kisichotengenezwa kuwalinda. Nunua inayokuja na mabamba ya kuweka chini ya bati ili uzito utawanyike, na kila baada ya miezi michache fungua boliti moja utazame.

Mapambo ya kromu ya vitasa na milango ndiyo yanayonipa mashaka zaidi kuliko yote, ingawa ni ya bei ndogo na hayahitaji tundu. Mengi ni plastiki iliyopakwa kromu, na hayawezi kushika kutu yenyewe. Tatizo ni kwamba hushikwa kwa vipande vichache vya tepu ya gundi, na kati ya kipande na kipande huingia mchanga mwembamba wenye chumvi. Gari linapotikisika, mchanga huo husugua rangi kama msasa. Mwaka hadi mwaka hakuna kinachoonekana, kisha siku kipande kinapodondoka unakuta chini yake alama yenye umbo lilelile, imekwisha kula hadi kwenye bati. Yale mabawa ya plastiki yanayowekwa juu ya matairi yana hatari hiyohiyo, tena zaidi, kwa kuwa matairi huyarushia tope moja kwa moja. Ningeyaacha. Bodi nyeupe iliyosafishwa vizuri, ikapigwa polishi na kupakwa waksi, hupendeza kuliko milango iliyojaa vibandiko vinavyong'aa. Hayo ni maoni yangu, lakini jua la Mtwara huyaunga mkono, kwa sababu kromu ya bei nafuu hufifia na kubanduka.

Taa ya LED ina shida ya aina nyingine. Taa ya wati 120 kwenye umeme wa volti 12 huvuta ampea 10, kiasi ambacho swichi ndogo ya dashibodi na waya mwembamba havikuumbwa kukibeba. Fundi akiunganisha kwenye waya wa taa kubwa za gari, waya huo hubeba mzigo wa taa zote kwa pamoja, hupata joto, na plastiki yake huyeyuka ndani ya mkunjo ambao huuoni. Njia ya sawa ni waya wake wenyewe kutoka kwenye betri, wenye unene wa milimita za mraba 2.5, fyuzi ya ampea 15 iwekwe karibu kabisa na betri, kisha rilei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa, na swichi ya ndani iamrishe rilei tu. Usikubali dari itobolewe, maana maji yakiingia hushuka ndani ya nguzo za kabini na kuozesha kutoka ndani. Taa fupi iliyofungwa nyuma ya grili ya mbele hutoa mwanga wa kutosha kwa njia ya shamba. Kwenye lami ya kwenda Lindi au Masasi ni ya kuzimwa, kwani humpofusha anayekuja mbele, na askari wa usalama barabarani akikusimamisha kwa ajili hiyo hutakuwa na la kujitetea.

Salfa nayo ina nafasi yake. Unga unaopulizia mikorosho dhidi ya ugonjwa wa ubwiri unga ukimwagika na kubaki katika ubichi, hugeuka polepole kuwa asidi, na shaba ya nyaya huwa nyeusi inapokutana nao. Ndiyo maana pikapu nyingi za wakulima wetu huharibika kwanza kwenye pembe za bodi la mizigo na kwenye soketi za taa za nyuma. Bebea salfa juu ya turubai zima linaloweza kutolewa na kukung'utwa shambani. Ukiweka plastiki ya kufunika sakafu ya bodi, itoe na uoshe chini yake kila baada ya msimu wa dawa, kwa sababu plastiki isiyotolewa huficha ubichi wa chumvi na salfa pamoja. Mipako inayopulizwa na kushikana na bati ni bora zaidi, ila bei yake ni kubwa na bati lazima liwe safi kabisa kabla ya kupuliziwa.

Utaambiwa na wazee wa gereji upulizie oili chafu chini ya gari. Siwezi kusema haisaidii kabisa, maana mafuta huzuia maji. Lakini oili iliyotumika ina asidi zilizotokana na injini, huvimbisha bushi za mpira, hukamata vumbi hadi likawa tabaka nene, na ikigusa breki au ekzosi ni hatari. Tumia waksi au grisi ya kupulizia iliyotengenezwa kwa chini ya magari, baada ya kuosha na kukausha. Kila mkitoka Msimbati, osha chini ya gari siku hiyohiyo kwa maji baridi ya bomba, hasa ndani ya matao ya matairi na juu ya chasi. Yaonje maji ya kisima kabla ya kuyatumia. Yaliyo karibu na pwani mara nyingine yana chumvi, na kuoshea gari maji ya namna hiyo ni kurudisha ulichokwenda kukitoa.

Kuhusu fedha zako, ningeanza na usafi wa chini, tiba ya kutu ndogo zilizopo na waksi ya chini, kisha polishi ya bodi. Baada ya hapo vikanyagio vya pembeni, kwa sababu Hilux nyingi zina matundu ya kiwanda ya kuvishikia kwenye chasi, na familia yako itavitumia kila siku. Taa ifuate, ikiwa imefungwa kwa rilei. Kikibaki kitu, rolibaa. Ngao ningeiacha mpaka upate iliyo sahihi, na kromu ningeisahau. Ukija kufikiria kubadilisha rangi ya gari zima, kumbuka kwamba rangi imeandikwa kwenye kadi ya gari na mabadiliko yake hupelekwa TRA, Mamlaka ya Mapato. Kama una bima kubwa, waandikie kampuni yako juu ya vifaa ulivyoongeza kabla ya ajali kutokea, maana baada ya ajali watauliza.

Yapo mambo ambayo siwezi kuyaamua bila kuliona gari. Lala chini yake mchana, ukiwa umeweka mawe nyuma ya matairi, na uigonge chasi polepole kwa kitako cha bisibisi kuanzia mbele hadi nyuma. Penye chuma kizima utasikia mlio. Ukisikia sauti iliyofifia, au magamba ya kutu yakidondoka, usifunge chochote mpaka fundi wa chasi alinyanyue gari na kulikagua. Waya ukipata joto mkononi, au fyuzi ileile ikikatika mara ya pili, nenda kwa fundi umeme wa magari na usiweke fyuzi kubwa zaidi. Na kama taa ya mifuko ya hewa inawaka kwenye dashibodi sasa hivi, lipeleke gari kwa mwenye mashine ya kusomea hitilafu kabla hujafunga kifaa chochote mbele, kwa sababu ngao ikishafungwa itakuwa vigumu kujua kama tatizo lilikuwepo au limeletwa nayo.